Jumamosi ya Duara Jeusi

Mwanamume wa boti aliniuliza tutakuwa watu wangapi, nikasema watatu. Nilisema haraka, kama mtu anayeogopa kuulizwa mara ya pili. Akaandika kwenye daftari lake: Jumamosi, saa nne asubuhi, boti ya makasia, watu watatu. Kisha akanionyesha kibanda cha nyasi tutakachokaa, meza yake na benchi zake mbili, akasema tukichelewa atawapa wengine, maana Jumamosi Bukoba nzima inahamia ufukweni.

Nilikuwa nalijua eneo lile vizuri kuliko alivyodhani. Tangu niliporudi kutoka Dar es Salaam kumalizia riwaya yangu ya pili, nilikuwa nateremka pale karibu kila jioni ya juma, maneno yaliponigomea. Nilikaa kwenye majani na kuangalia familia zikipanda zile boti za kukanyaga kwa miguu zenye sura ya bata, baba upande huu, mama upande ule, watoto katikati wakipiga kelele. Sikuwahi kupanda. Boti zile zimetengenezwa kwa watu wawili kwenda juu. Ukipanda peke yako inalala upande mmoja na kuzunguka palepale. Niliona mtu mmoja akijaribu, watu wakamcheka, naye akacheka pamoja nao, lakini aliposhuka hakubaki hata kunywa soda.

Watu watatu walikuwa Mama, kaka yangu na mimi.

Mama anaishi Izimbya, kwenye kibanja chetu cha migomba na kahawa. Kaka anavua dagaa Goziba, kisiwa kisichofikika ila kwa boti. Walikuwa hawajaonana kwa miaka miwili, tangu siku tuliyomzika Baba.

Siku ile ziwa lilikuwa limechafuka. Boti hazikutoka kisiwani, na kaka alipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshafukiwa, watu wameketi chini ya migomba. Alikuja na nguo za kazi, ananuka dagaa. Shangazi yetu, dada yake Baba, aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo cha kahawa. Kwetu mgeni akifika hupewa kwanza punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, atafune huku akipumzika. Ni heshima kubwa. Lakini mtoto wa nyumba hapewi. Mtoto wa nyumba huenda jikoni akafunua chungu mwenyewe. Shangazi alimshikia kaka kile kikapu kwa mikono miwili, mbele ya ukoo wote, akasema, "Karibu, mgeni."

Kaka alichukua punje mbili. Hakuzitafuna. Alizitia kwenye mfuko wa shati, akaenda kusimama kaburini, na kabla jua halijashuka alikuwa ameondoka. Sidhani ni shangazi aliyemuumiza zaidi. Mama alikuwa amesimama mlangoni, aliona yote, na hakusema kitu.

Tangu hapo kaka hakukanyaga kibanja, na Mama hakulitaja jina lake mezani. Nilikuwa katikati yao kama ukuta wa vyumba viwili, nasikia huku, nasikia kule. Ndipo nikawaza: kama kaka hawezi kuja kwenye migomba, na Mama hawezi kwenda kisiwani, basi pawepo mahali pasipo pa yeyote kati yao. Mahali penye soda na muziki, ambapo hakuna wa kumkaribisha mwenzake kwa sababu wote wamekuja kutembea.

Nilipanga kwa kalenda ya parokia. Mama hununua mbili kila mwaka, moja ya jikoni kwake, moja ya chumba changu cha kupanga pale Kashai. Jumapili ilikuwa na misa na jumuiya, kwa hiyo nikachagua Jumamosi. Kando ya tarehe palikuwa na kiduara cheusi kilichochapwa kidogo sana. Nilikiona. Kalenda ile imejaa alama: sikukuu za watakatifu, siku za mfungo, rangi za kanisa. Sikujiuliza zaidi.

Kumpata kaka kwa simu ni bahati, kwa hiyo nilipanda basi hadi Muleba kumtafuta mama mmoja anayenunua dagaa visiwani na kuuza sokoni pale. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, anachambua mchanga kwenye dagaa kwa vidole. Nilimweleza nani kaka yangu. Alimjua. Nilimweleza siku. Aliinua macho.

"Jumamosi hii inayokuja?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka kidogo, akamtazama jirani yake wa meza ya pili, naye akacheka. "Wewe ni mtu wa migomba kabisa," akaniambia. "Haya. Nitamfikishia kama ulivyosema."

Nilidhani ananicheka viatu. Nilikuwa nimevaa viatu vyeupe, na soko la samaki halitaki viatu vyeupe. Nikacheka nao, nikapanda basi la kurudi nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu. Njia nzima nilikuwa nawaweka kwenye boti: Mama katikati kwa sababu ataogopa, kaka kwenye makasia, mimi mbele nikiwapa mgongo ili waweze kuzungumza.

Baada ya siku mbili kaka alipiga simu. Upepo ulikuwa unapuliza ndani ya simu. Alisema ujumbe umefika. Nilimwambia habari ya boti, kibanda, saa nne. Akasema, "Nitaona." Mtu yeyote aliyekulia nchi hii anajua "nitaona" ni nini. Lakini mimi nilimpigia Mama nikamwambia amekubali. Mama aliuliza tu, "Jumamosi?" Nikasema ndiyo. Akasema sawa, atakuja na chakula.

Alikuja na gari la kwanza la asubuhi, amevaa kitenge cha misa na viatu vya kufunika, na kikapu kikubwa kichwani. Nilimpokea nikakifunua kabla hatujafika ufukweni. Ndani mlikuwa na vifurushi vitatu vya ndizi zilizopikwa na maharage, kila kimoja kimefungwa kwa jani lake la mgomba, bado vina joto. Nilitafuta kikapu kidogo cha kahawa. Hakikuwepo. Mama aliona ninachotafuta.

"Kahawa ni ya wageni," akasema, akakifunika.

Tuliketi kibandani. Saa nne ilifika. Mwanamume wa boti alikuja, filimbi inaning'inia shingoni, akatuangalia wawili, nikamwambia mwenzetu yuko njiani. Akarudi saa nne na nusu. Nikamwambia basi la Muleba huchelewa. Upande wa pili familia moja ilikuwa inasherehekea ubatizo, wamepiga muziki, wanapiga picha na bata wa plastiki. Nilipiga namba ya kaka mara sita. Sauti ya mwanamke yule yule ikaniambia mara sita kwamba hapatikani.

Mama hakuangalia barabara hata mara moja. Hilo nililigundua baadaye, nilipoikumbuka asubuhi ile kipande kwa kipande. Mimi niligeuka kwa kila pikipiki iliyosimama. Yeye alikuwa anaangalia maji.

"Goziba ni kile?" akauliza, akionyesha kwa kidevu kisiwa cha mbele yetu.

"Hapana. Kile ni Musila. Goziba ni mbali, huku kusini. Hakionekani."

"Hata kukiwa kweupe?"

"Hata kukiwa kweupe."

Akatikisa kichwa polepole. Saa tano na nusu nikaanza kulia, bila sauti, jinsi mtu anavyolia mahali penye watu. Nilisema samahani, nilidhani atakuja, nilimwamini. Nilisema hana moyo. Hapo Mama akanigeukia.

"Usimseme hivyo. Leo ni giza."

Sikuelewa. Jua lilikuwa linawaka.

"Mwezi haupo," akasema. "Watu wa dagaa wanavua kwa taa. Taa inamwita dagaa kukiwa na giza tu. Wiki hii ndiyo wanayofanya kazi usiku kucha, mchana wanaanika na kulala. Mwezi ukijaa taa haina kazi, ndipo wanapumzika. Leo hawezi kutoka, hata angekuwa amefiwa."

Neno hilo la mwisho lilipomtoka, alirudisha macho majini.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema kwa dagaa. Gulio la Izimbya hukosa dagaa wabichi siku kadhaa kila mwezi, na wauzaji wakiulizwa husema mwezi umekuwa mkubwa. "Nikienda gulioni nikakuta meza zao tupu," Mama akasema, "najua mwanangu amelala."

"Ulijua tangu nilipokuambia Jumamosi."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Aliweka sawa kitenge chake magotini, mkunjo kwa mkunjo. "Wewe unapanga vitu vya kwenye karatasi tu. Sijawahi kukusikia ukipanga kitu cha watu. Ulikuwa na sauti nzuri kwenye simu. Ningekuambia, ungeacha, na ungeshinda Jumamosi yote kwenye kile chumba."

Nimeandika kurasa nyingi kuhusu upweke wa watu wengine. Nilikuwa nimejipa kazi ya kuwaunganisha wawili hawa, na kumbe mmoja wao alikuwa amesafiri asubuhi yote, na vifurushi vitatu kichwani, kuja kukaa na mimi. Nilifuta uso kwa pindo la blauzi.

Mwanamume wa boti alirudi mara ya tatu. Alikuwa na majaketi matatu ya kuokolea mkononi, ya rangi ya chungwa. Aliuliza kama mwenzetu bado.

"Yuko kazini," Mama akamjibu. "Tupeleke."

Nilijua Mama hajawahi kupanda boti maishani. Alivua viatu, akavishika mkononi, akaingia majini hadi vifundoni, akasimama kidogo kama anayesikiliza. Tulimshika huku na huku. Aliketi katikati, palepale nilipokuwa nimempangia. Mwanamume yule akachukua makasia, na jaketi la tatu likabaki kwenye benchi ya nyuma, mikanda yake ikichezacheza kwa upepo. Hakuna aliyeliondoa.

Hatukwenda mbali. Muziki wa ubatizo ulipungua nyuma yetu, na Bukoba ikawa mabati na miti chini ya mwamba wa kilima. Mama alishika ukingo wa boti kwa mikono yote miwili. Baada ya muda alitoa mkono mmoja, akauingiza majini, akaulamba kidole.

"Hayana chumvi," akasema, kwa mshangao wa mtu aliyelitazama ziwa hili kwa mbali miaka sitini.

Akamuuliza mwanamume yule, kama Goziba kuna upepo kama huu. Akajibu, "Kule, mama, upepo huu ni wa kupepea chai." Mama hakucheka. Akaniambia kwa Kihaya, polepole, kwamba siku ya mazishi alitaka kusema. Kwamba alikiona kile kikapu cha kahawa na mdomo ukamkauka, kwa sababu shangazi alikuwa na msiba wake naye, kaka yake alikuwa ndiyo kwanza amefukiwa, na mbele ya ukoo mjane hajui sauti yake inaishia wapi. Alipoipata sauti, mtoto alikuwa ameshafika barabarani. Mwanamume wa boti, kama ni Mhaya na alisikia, aliangalia makasia yake.

Tulikula kibandani, kila mtu kifurushi chake. Cha tatu alikirudisha kapuni.

Nilimsindikiza hadi nyumbani. Jikoni, wakati anatoa vyombo, nilisimama mbele ya kalenda yake, pacha wa ile ya kwangu. Kila mwezi palikuwa na kiduara cheupe cha mwezi mpevu kilichozungushiwa kalamu ya bluu. Januari, Februari, Machi. Mistari ile nilikuwa naiona kila nikija. Siku zote nilidhani ni siku za kuku wake kuatamia.

Siku tano baadaye, saa tisa alasiri, kaka alipiga. Alikuwa amepanda mwambani kule kisiwani, ndipo mtandao unapopatikana.

"Mdogo wangu," akasema, "ulichagua giza."

Nikasema najua sasa. Nikamwambia Mama alikuja, alipanda boti. Hakuamini, ilibidi nimwambie habari ya kulamba kidole. Alicheka, kisha kicheko kikaisha ghafla na nikasikia upepo peke yake.

"Alileta kahawa?"

"Hapana. Alileta ndizi. Vifurushi vitatu."

Upepo.

"Changu alikula nani?"

"Hakuna. Alirudi nacho Izimbya."

Kisha akaniuliza mwezi unajaa lini, yeye anayeishi kwa mwezi, akaniuliza mimi mtu wa migomba. Nilikwenda kwenye kalenda yangu, nikaweka kidole juu ya kiduara cheupe, nikamwambia Jumapili ya wiki ijayo.

"Jumapili Mama ana misa," akasema.

"Ana misa."

"Jumatatu basi."

Nilimuuliza, niandikishe boti? Na wapi, ufukweni tena au nyumbani? Nilisikia mtu akimwita kwa nyuma, na bati likigongwa, na maji.

"Nitaona," kaka akasema.

Jioni ile niliteremka ufukweni. Boti za bata zilikuwa zimefungwa kwa mnyororo, zinagongana taratibu. Mwanamume yule alikuwa anafunga daftari lake. Nilimwomba alifungue tena.