Jibu Nililolijua Nikanyamaza

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, naikumbuka hadi rangi ya chaki niliyokuwa nimeshika. Ilikuwa ya njano. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka Kenya kumfuata dada yangu aliyekuwa na duka la nguo hapa Kampala, na shule moja ndogo ya msingi kule Mbuya ilikuwa imenichukua kwa majaribio ya muhula mmoja. Nilipewa darasa la nne, watoto hamsini na wawili, wengi wao watoto wa askari. Masomo yalikuwa ya Kiingereza, ila somo likiwakwama nilishuka kwenye Kiswahili, maana ndicho walichokisikia kwa baba zao.

Nakuambia haya kwa sababu wiki ijayo unaanza kazi ya ualimu. Umenionyesha maandalio yako uliyoyachapisha Wandegeya, na yamepangwa vizuri kuliko yangu yalivyowahi kupangwa. Lakini kuna jambo halimo ndani ya karatasi zile, na ningependa ulisikie kwangu.

Wiki ile nilikuwa nafundisha kugawanya kwa njia ndefu. Shida yake unaijua. Mtoto anagawanya, anazidisha, anatoa, anashusha tarakimu inayofuata, halafu anaanza upya, na akiruka hatua moja kila kitu kinaharibika. Niliwafanya waziimbe hatua zile mpaka wakazikariri. Nilifurahi kusikia sauti zao zikitoka pamoja. Nilidhani wameelewa.

Basi nikaandika ubaoni mia nane kumi na sita, igawanywe kwa nane. Nane kwenye nane, mara moja. Nikaandika moja juu. Nikashusha ile moja ya katikati, nane haiingii, nikashusha na sita, ikawa kumi na sita. Nane kwenye kumi na sita, mara mbili. Nikaandika mbili kando ya ile moja, nikapiga mstari: kumi na mbili. Pale nane iliposhindwa kuingia nilipaswa kuandika sufuri, nami sikuandika. Watoto wakainama, wakaanza kunakili.

Nansubuga akanyoosha mkono. Alikuwa msichana mwembamba wa benchi la tatu, mama yake akiuza nyanya na samaki wakavu Luzira.

"Ticha, hiyo hapana kumi na mbiri," alisema. "Watu nane, nikipatia kila moja mia, mia nane imeisha. Inabaki kumi na sita. Kila moja anapata mbiri tena. Ni mia moja na mbiri."

Nikageuka kutazama ubao, na papo hapo nikaona. Sitakudanganya kwamba nilichanganyikiwa, mwanangu. Niliona kosa langu waziwazi. Lakini nilikuwa mgeni, kazi yenyewe ya majaribio, na niliwaza jinsi watakavyosema kwamba yule Mkenya hajui hesabu.

"Umefuata hatua?" nikamuuliza.

"Hapana, ticha."

"Basi hujagawanya. Umebahatisha."

Nikaenda kwenye benchi lake, nikakata jibu aliloandika daftarini kwa kalamu nyekundu, nikamsimamisha karibu na mlango akitazama ukuta hadi kengele ilipolia. Wenzake walimcheka, nami nikawaacha wacheke. Yeye hakulia. Ningeona nafuu kama angelia.

Kesho yake hakuja shule. Kesho kutwa yake hakuja. Siku ya tatu, wakati wa chai, Hajati Zamu akaja kukaa kando yangu. Alikuwa mama wa Kinubi, amefundisha miaka mingi, na darasa lake lilitenganishwa na langu kwa ukuta wa mbao. Alisukuma kipande cha karatasi mbele yangu.

"Binti, nigawanyie mia nane kumi na sita kwa nane."

Niliandika. Mia moja na mbili.

"Ulilijua jibu hili tangu lini?"

Nilitaka kusema tangu jana. "Tangu mtoto alipofungua mdomo, Hajati."

Alikunywa chai yake kidogo. Hakunifokea, na hilo lilinitesa zaidi.

"Mimi nimekosea kwenye ubao ule mara nyingi," alisema. "Nafuta, naandika upya. Wewe hukumuadhibu kwa kukosea. Ulimuadhibu kwa kupata. Sasa atajuaje siku nyingine kwamba kupata ni kuzuri?"

Jioni hiyo nikateremka kwa miguu kupitia Kitintale hadi Luzira, nikiuliza njia kwa watu.

Nilimkuta Nansubuga nyuma ya meza ya mama yake, akipanga nyanya mafungu mafungu. Aliponiona akainamisha kichwa, akaendelea kupanga. Mikono yake haikusita: nyanya moja kila fungu, kisha anarudi mwanzo, moja tena, mpaka karai likawa tupu na mafungu yako sawa. Hapo ndipo nilipoelewa alikojifunza kugawanya.

Mama yake alinipa kigoda. Aliniambia mtoto amesema hesabu haimtaki, na kwamba yeye mwenyewe ameona heri abaki hapa amsaidie, mwaka ujao wataona. Alisema bila hasira, kama mtu anayezungumzia mvua. Kwa sababu ya sufuri moja, na kiburi changu, mtoto yule alikuwa anaiacha shule.

Nikamweleza yote. Nikamwomba msamaha.

"Mimi usiniambie, nnyabo," alisema, akiniita mama kwa Kiganda. "Mimi sikuwa darasani."

Basi nikamgeukia mtoto, nikamwambia kesho nitasema mbele ya wote, awepo au asiwepo.

Asubuhi alikuja, akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Nikaandika hesabu ile ile ubaoni, na kumi na mbili yangu. Nikawaambia watoto kwamba jibu hili si kweli, kwamba Nansubuga alisema kweli, kwamba mimi nilijua, na nilimsimamisha ukutani kwa sababu niliona aibu.

Mvulana mmoja akauliza, "Ticha, kwa hiyo sisi wote tulikosa?"

"Mimi nilikosa. Ninyi mliniamini."

Kisha nikamwomba Nansubuga atuonyeshe. Alikataa kwa kichwa, akaenda kukaa kwenye benchi lake. Nikafanya mwenyewe kwa njia yake, kwa vizibo vya soda na makundi ya watoto wanane wanane, na ndipo nikaona nyuso zikifunguka. Zile hatua walizokuwa wanaimba sasa zilikuwa na maana.

Usidhani yaliishia hapo vizuri. Nansubuga aliendelea na shule, na hesabu zake zilikuwa safi, lakini muhula ule mzima hakunyoosha mkono tena. Muhula uliofuata alinyoosha mara moja, nusu nusu, akauteremsha kabla sijamwita. Baadaye baba yake, aliyekuwa askari, akahamishiwa kambi nyingine, wakaondoka wote. Sijui kama mkono wake uliwahi kurudi kupanda kama mwanzo. Nimefundisha miaka thelathini baada ya hapo, na swali hilo bado ninalo.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Wafundishe hatua, lakini kabla ya hatua waulize: jibu linaweza kuwa kubwa kiasi gani? Wape vitu wagawane kwa mikono. Mtoto akipata kwa njia usiyoijua, mwombe akueleze kabla hujashika kalamu nyekundu. Na siku utakapokosea ubaoni, maana utakosea, sema pale pale, mbele ya wale wale waliokuona. Ukichelewa siku nne utasamehewa, lakini kuna kitu ndani ya mtoto ambacho huenda kisikusubiri.

Nenda ukafundishe. Mungu akupe uso usioogopa kuaibika mbele ya wadogo, akupe wanafunzi wa kukusahihisha bila hofu, na mikono mingi iliyonyooshwa kila asubuhi uingiapo darasani. Amina.