Profesa na Majabali ya Maskati

Mwishoni mwa mwaka 1970 niliondoka Ujerumani kwenda Maskati kumtazama shangazi yangu, Bi Zuwena, aliyehamia huko kutoka Unguja mwaka 1964. Sikwenda peke yangu. Profesa Lindner, aliyekuwa akinisomesha fasihi ya Kiingereza, alisikia habari za safari akaomba tufuatane. Kitabu chake kilikuwa kinachapwa upya, naye alitaka picha ya Maskati kwa ajili ya jalada. Alikuwa ameandika kurasa sitini juu ya mji huo bila ya kuukanyaga hata siku moja.

Kurasa hizo ndizo zilizomjenga. Ujanani alisoma masimulizi ya baharia mmoja wa Kiingereza, aliyedai kwamba majabali ya bandari ya Maskati yameandikwa majina ya meli kwa herufi kubwa, kama ubao wa skuli. Profesa akathibitisha kwa ramani kuwa majabali yale yamesimama wima na hapandi mtu. Basi baharia ni mwongo, safari yake kaitunga mezani. Kwa hoja hiyo alipata udaktari, kisha uprofesa, kisha idara nzima. Mwenzake, Bwana Kessler, aliyemwamini yule baharia, alichekwa mpaka akaacha chuo, akaenda kufundisha skuli ya shamba.

Kutoka Frankfurt hadi Bahrain, profesa alinieleza Maskati ilivyo. Tulipopanda ndege ndogo, ikaanza kupenya baina ya milima kushuka Ruwi, alinyamaza akafumba macho. Nilimwambia aitazame milima, maana ameiandika. Akasema ataitazama ndege ikishasimama.

Ruwi ya siku hizo ilikuwa uwanja wa ndege, ngome na vumbi. Landrova ilituvusha kilima hadi Matrah, kisha ikafuata njia ya mawe mpaka lango la Maskati. Magharibi ilikuwa imekwisha ingia na giza limetanda, kwa hivyo profesa hakuona kitu.

Nyumbani, Bi Zuwena alitukaribisha kwa kahawa na halua.

"Huyu mgeni wako anasomesha nini?" aliniuliza.

"Fasihi ya Kiingereza, shangazi."

"Naye Mdachi?"

"Naam."

"Na Waingereza wenyewe wamekwenda wapi?"

Nilimfasiria profesa. Akacheka kwa adabu, akachukua kipande cha tatu cha halua.

Asubuhi alipanda darini na kamera yake. Nilipomfuata, nilimkuta kasimama, kamera inaning'inia shingoni, na Bi Zuwena anaanika nguo pembeni yake. Mbele yetu, ng'ambo ya maji, jabali zima lilikuwa limejaa majina ya meli kwa rangi nyeupe, mengine herufi zake ndefu kuliko mtu.

"Shangazi, nani kayaandika haya?"

"Mabaharia. Meli ikija, wanateremsha mashua, wanapanda na ndoo ya rangi. Marehemu mume wangu akisema babu yake kayakuta."

Profesa aliuliza wanapandaje.

"Kwa miguu," alisema Bi Zuwena. "Yeye alidhani kwa kitu gani?"

Profesa alikaa juu ya beseni lililopinduliwa. Alisema pengine picha ipigwe upande wa pili, kwenye kasri. Shangazi aliniuliza mgeni ana maumivu gani, nikamweleza kisa chote.

"Huyo aliyechekwa yuhai?" aliuliza.

"Yuhai."

"Basi mwambie ana bahati. Mie watu nnaotaka kuwaomba radhi wamelala Unguja, na kurudi siwezi."

Hilo nililifasiri polepole. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akainuka akapiga picha, na picha yenyewe ilikuwa ya jabali.

Tuliporudi Ujerumani profesa hakupitia nyumbani kwake. Tulisubiri picha isafishwe Frankfurt, kisha tukachukua treni moja kwa moja hadi kijijini kwa Bwana Kessler, profesa bado pua imembabuka kwa jua. Mwenyeji wetu, mtu mwembamba mwenye chaki kwenye mkono wa koti, aliikodolea macho picha ile.

"Baharia huyu kakosea tahajia," alisema, akiwekea kidole jina moja.

"Hata mimi nilikosea," alisema profesa. "Nimekuja kukuomba radhi."

Bwana Kessler hakusema amesamehe. Alisema darasa lake linaanza saa mbili asubuhi, na kama profesa anayo ya kusema, awaambie wanafunzi.

Kesho yake profesa alisimama mbele ya watoto thelathini, akawasimulia yote bila ya kujitetea. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Kwa nini hukwenda kutazama kabla?"

Profesa alimgeukia. "Kwa sababu nilikuwa nimekwisha andika," alisema.

Watoto walicheka. Bwana Kessler hakucheka. Alimsogezea kiti chake mwenyewe akae. Nilisoma kwa profesa huyo miaka mitatu, na katika yote aliyonifundisha, jibu hilo ndilo ninalolikumbuka kila ninaposhika kalamu.