Ludmila, Mkwe Wangu

Mara ya kwanza kusikia jina Ludmila nilisema linafaa dawa ya kuoshea ng'ombe kupe. Nilisema hivyo mezani, mbele ya mwenye jina, kisha nikacheka peke yangu. Mwanangu wa kiume aliinamia sahani yake. Mchumba wake, ambaye sasa ni mke wake, alimtazama mama yake. Na mama yake, yule Ludmila mwenyewe, mjane wa Kislovakia aliyekuwa ameishi Minneapolis tangu ujana wake, aliniongezea chakula kana kwamba nimemsifu.

Chakula chenyewe kilikuwa maandazi ya kuchemsha. Unga umekunjwa, ndani viazi na jibini, juu vitunguu. Kwetu mtu akikuletea andazi lililolowa maji unamwuliza kama mafuta ya kukaangia yamekwisha. Niliyala kwa adabu, lakini ile adabu niliivaa usoni ili kila mtu aione.

Nilikuwa nimetoka Kenya kuja kukaa na mwanangu huko Blaine, nje kidogo ya Minneapolis kule Amerika, baada ya mke wangu kufariki. Blaine ni mahali ambapo nyumba zimefanana kama mikate ya duka moja, na asiyeendesha gari ni mfungwa. Mimi siendeshi. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani wa chama cha ushirika cha kahawa, na watu walikuwa wakisimama nikiingia ofisini. Blaine hakuna aliyesimama. Hata mlango wa gereji haukunitii. Nayasema haya ili ieleweke nilikuwa mtu wa namna gani: mzee aliyetafuta wa kumdharau, akampata karibu.

Jikoni kwa Ludmila palikuwa na ukuta wa picha. Zote zilikuwa picha za wanawake wenye jina lake, alizozikata kwenye magazeti na kalenda miaka mingi. Palikuwa na mtakatifu mwenye shela kichwani, mwimbaji aliyefumbua kinywa hadi meno ya nyuma, mcheza tenisi, mama mmoja wa miwani ambaye alikuwa mtaalamu wa nyota au wa mimea, sikumbuki, na mkimbiaji anayekata utepe. Aliniambia kwamba alipokuwa akifua mashuka kwenye hoteli moja kule Bloomington, hakuna aliyejisumbua kujifunza jina lake. Walimwita Mili, kwa sababu walikuwa na haraka. Mumewe ndiye aliyelitamka lote, na mumewe alikuwa amekufa. Ndipo alipoanza kukata picha.

"Huyu alikuwa na mbio sana," alisema, akinionyesha mkimbiaji.

"Mama," nikamwambia, "kwetu mtu mwenye mbio si habari. Kwetu hata mtoto aliyechelewa shule angempita huyu."

"Na mtakatifu?"

"Watakatifu tunao wa kutosha."

Alicheka. Kiingereza chake na changu vilinunuliwa soko tofauti, na nilijiambia kwamba hakunielewa. Alinielewa vizuri sana.

Siku ya kuomba mke tulikwenda kwake, mimi na wazee wenzangu. Hawa wazee niwaeleze. Ni baba za manesi na mainjinia, walioletwa Amerika kama mimi na kuwekwa ndani kama viti vya akiba. Wakati wa baridi watoto wao huwapeleka kwenye jumba kubwa la maduka kule Bloomington ili wanyooshe miguu, nao huketi karibu na mashine za kahawa na kuiendesha Kenya kutoka pale. Niliwaheshimu kuliko nilivyomheshimu mtu yeyote katika jimbo lile. Sasa nikiwafikiria naona haya.

Tulipofika kwenye habari ya mbuzi wa mahari, Ludmila alituuliza angewafuga wapi, maana uani alikuwa na kabichi tu. Wazee wakacheka. Nikaona hapo ndipo pa kuonyesha ukubwa. Nikasimama.

"Mama, kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa mume. Huyo atakuwa marehemu mke wangu. Wa pili huchukua jina la mama wa mke. Huyo ni wewe. Kwa kuwa umekataa mbuzi, mbuzi wako ni jina."

"Ataitwa Ludmila?"

"Hataitwa tu. Atakuwa wewe. Nitamwita mkwe. Nitamvulia kofia. Sitakaa kabla hajakaa, na sitakula kabla hajala."

"Hata akiwa mtoto mchanga?"

"Hata akiwa na nepi."

Aliniomba nirudie, nami nikarudia, kwa kuwa nilipenda sauti yangu. Tulipokuwa tukivaa makoti alikuwa jikoni akipigilia msumari. Alitundika fremu ndogo katikati ya wale wanawake. Haikuwa na picha.

Msichana wa kwanza alizaliwa, akapewa jina la mke wangu. Nilimwita "mke wangu", naye alipoanza kusema alinijibu kwa Kiingereza kwamba hajaolewa na mtu. Ludmila alimpenda kama wake, ila kila alipokuja Blaine aliniuliza lini atakuja "yule mwingine". Alikuwa akisema hivyo kwa kujificha kidogo, kama mtu anayeuliza juu ya zawadi yake mwenyewe.

Mimba ya pili ilipoonekana, nikawapa wazee habari.

"Kwa hivyo mwaka huu tunapata Mrusi," mmoja akasema.

"Si Mrusi. Ni Mslovakia."

"Akilia utambembeleza kwa lugha gani?"

"Shangazi zake kule nyumbani watamwitaje? Si watavunjika meno?"

"Ludmila," akasema wa tatu, akilionja kama kahawa iliyopoa. "Hilo jina lina buti."

Nilicheka nao. Kisha akaongea mwenzetu mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, ambaye hata akiagiza kahawa hudhani yuko mbele ya gwaride. "Desturi ni ya wenye desturi," alisema. "Yule mama hata salamu yetu hajui kuiitikia. Utampa mtoto wa ukoo mzima? Mzee mwenye msimamo hafanyi hivyo."

Wote wakanitazama. Mtu mwenye akili angejibu kwamba desturi ndiyo inayosema mtoto ni wa yule mama, na kwamba nimekwisha kuapa mbele yao hao hao. Mimi nilitikisa kichwa kama aliyefumbuliwa macho. Sikuwahi kutazamwa vile tangu nitoke Kenya.

Mtoto alizaliwa, msichana, kwa upasuaji mgumu. Daktari akasema mama yake asijaribu tena. Mwanangu akanifuata kwenye viti vya nje ya chumba.

"Baba, nesi anataka jina. Nimwambie Ludmila?"

"Ataitwa jina la mama yangu."

Alidhani natania. "Baba, ni wewe ulisema. Wazee wote walikuwako."

"Na ni mimi ninayesema sasa."

"Sasa utamwambia mwenyewe?"

"Mtoto ni wako," nikamjibu. "Mwambie wewe."

Mwanangu ni mtu mzima, anaongoza watu kwenye kiwanda cha vifaa vya hospitali huko Plymouth. Lakini tulimlea asibishane na baba, na siku ile malezi yetu mazuri yalimfanya mwoga. Mke wake aliposikia aligeukia ukutani. Hakusema neno, na mimi kwa ujinga wangu nikahesabu hiyo kuwa heshima.

Ludmila alikuja na keki yake ya mbegu nyeusi, amevaa kama wa kanisani. Aliinama juu ya kitanda cha mtoto akalitamka jina lake mwenyewe polepole, lote, labda kama alivyolitamka mumewe. Mwanangu akamshika kiwiko, akamwambia.

Alijinyoosha, akanitazama mimi, hakumtazama mwanangu.

"Nilidhani hii ni desturi," alisema.

"Ni desturi."

"Basi siielewi."

"Ndiyo maana," nikamjibu.

Maneno mawili tu. Nimesema maneno mengi mabaya katika maisha yangu, mengine kwa hasira na mengine kwa pombe. Haya niliyasema nikiwa mzima, nimeshiba, na nikiwa na hakika kwamba nimeyasema vizuri.

Hakurudi Blaine tena. Wasichana walipelekwa kwake kila Jumamosi, wakarudi wananuka vitunguu na siagi. Keki iliendelea kuja, ila mke wa mwanangu aliikata jikoni na sikuwa nikiletewa. Alinipeleka nilikotaka kwenda, kwa kuwa ni mtu mwema, lakini redio ilikuwa ikisema tangu nyumbani hadi tunafika. Yule mtoto wa pili nilimwita "mama", kama ilivyopasa, kwa jina alilobeba. Alikuwa mtoto mchangamfu. Kila nikimwita niliona ile fremu tupu.

Pengine ningekufa na msimamo wangu kama si sherehe ya siku ya kuzaliwa nyumbani kwa mwalimu mkuu. Kulikuwa na keki, na mtoto anayekata keki alikuwa mjukuu wake wa pili, binti wa mwanawe aliyeoa Mzungu kutoka Wisconsin. Tukaimba. Tulipofika penye jina nikasikia jina la Kizungu tupu, la kikongwe. Na kikongwe mwenyewe alikuwa ameketi pale kwenye kiti cha heshima, na mwalimu mkuu akimshikia sahani.

Nikamvuta kando. "Hili si jina la mkwe wako?"

"Ndilo. Si ni wa pili?"

"Wewe uliniambia desturi ni ya wenye desturi."

Alijaribu kukumbuka, na naamini kwa kweli hakukumbuka upesi. "Ah, mzee," alisema, "yale yalikuwa maneno ya kahawa. Kwani wewe ulienda ukayafanya?"

Akawaita wenzake awasimulie. Walicheka, na mmoja akanipiga bega kwa upendo. Hao ndio niliowauzia neno langu. Wao sikuwalaumu kwa muda mrefu. Mbwa akibweka, kosa ni la anayemgeuza mshauri. Siku hizi sioni sababu ya kwenda Bloomington.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mke wa mwanangu anipeleke kwa mama yake. Nilikuwa nimenunua blanketi, zito, zuri, kwa kuwa mkwe kwetu haendewi bila blanketi, na hilo pia sikulifanya mwanzoni. Tulipofika barabarani alizima redio.

"Unaenda kufanya nini, Baba?"

"Kuomba msamaha."

Aliendesha hadi karibu na nyumba. "Ukisema neno lolote juu ya maandazi," alisema, "nitakuacha huko."

Ludmila alitufungulia. Alikuwa amepungua. Alilipokea blanketi, akalitandika kwenye kiti cha jikoni, akanishukuru kama anavyoshukuriwa mtu wa posta. Nilikuwa nimejiandalia hotuba, mimi na hotuba zangu. Kabla sijaanza nikasikia sauti ya mjukuu wangu wa pili uani.

"Ludmila!" alikuwa akiita. "Ludmila, njoo ule!"

Nilidhani wamempa jina kwa siri, nyuma yangu, kwamba mtoto anajiita kwa mchezo. Nilifurahi, nataka hilo lijulikane. Kisha mlango ukasukumwa, akaingia paka wa kijivu, mnene, na mtoto nyuma yake.

Kwetu hata ng'ombe humwiti jina la shangazi yako. Ni tusi, na nilidhani nimetukanwa mimi.

"Mama, umempa paka jina lako?"

"Lilikuwa halina mtu," Ludmila alisema.

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa akitania. Ukutani, kati ya mwimbaji na mkimbiaji, ile fremu ndogo ilikuwa na picha ya paka.

"Nilikukosea," nikasema. Ile hotuba ilikuwa imeniponyoka yote. "Nilikuahidi, kisha nikakunyima, na nilijua ninachofanya. Jina linaweza kubadilishwa. Nitasema na mwanangu leo."

Badala ya kunijibu alimgeukia mtoto. "Wewe unaitwa nani?"

Mjukuu wangu akasimama wima akalitaja jina la mama yangu, lote, bila kukosea, kwa majivuno ya mtoto anayejua kitu chake.

"Umesikia," Ludmila akaniambia. "Analo tayari. Usimnyang'anye na yeye."

Mke wa mwanangu alikuwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, akiningoja niharibu. Mtoto alimwinua paka kwa makwapa, miguu ya nyuma ikaning'inia.

"Babu," alisema kwa Kiingereza, "msalimie Ludmila."

Nikavua kofia.

"Habari yako, mkwe," nikasema.

Paka alinitazama kwa dharau, akajipapatua, akashuka. Ludmila hakucheka. Alikwenda kwenye sufuria, akapakua maandazi, akaweka sahani yangu mezani. Kisha akachukua andazi moja, akalikatakata kwa uma, akalipuliza, akaliweka kwenye kisahani sakafuni.

Nilikumbuka niliyoapa katika nyumba ile, na nikajua kwamba na yeye anakumbuka, maana hakuniambia niketi. Paka alinusa, akala bila haraka, akaacha kipande. Alipomaliza aliruka juu ya kiti penye blanketi langu, akaanza kulikanyagakanyaga, akizunguka. Maandazi yangu yalikuwa yakipoa. Nikabaki nimesimama, kofia mkononi, nikingoja akae.