Mshika Breki Aliyepanga Kwetu

Magurudumu yalikwaruza changarawe ya uani, yakaongeza kasi. Nyayo zikafuata, nzito na za haraka, kikaja kimya kifupi, kisha kishindo cha mtu kuangukia mbao. Halafu yote yakaanza upya. Baba alikuwa hajarudi kutoka msikitini. Nilipochungulia dirishani nilimwona mpangaji wetu, mwalimu wa hesabu kutoka Ayalandi, akisukuma mkokoteni wa duka letu. Alikimbia nao, akaurukia, akajikunja ndani kichwa kikiwa magotini. Karibu na ukuta akavuta kamba, gogo alilolifunga nyuma likaburura chini, mkokoteni ukasimama.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa mkimbiaji wa mita mia mbili shuleni. Nilitoka kumuuliza. Akacheka kwa aibu, akaenda chumbani, akaniletea picha.

Kwao, alinieleza, alianza na mbio fupi. Alikuwa na kasi ya kushinda mji wake na mkoa wake, lakini kwenye mashindano makubwa kila mara aliishia nusu fainali. Kisha msuli wa nyuma ya paja ukachanika. Alipopona, mtu mmoja alikuja uwanjani akitafuta wanawake wenye miguu ya nguvu wa kusukuma kigari cha kuteleza kwenye barafu. Kwao hakuna mlima wa barafu hata mmoja. Alijiunga nao, wakafanya mazoezi kwa kigari cha magurudumu kwenye saruji, wakasafiri nchi za baridi kushindana na watu waliozaliwa kwenye theluji. Mwenzake alikaa mbele akiongoza. Yeye alisukuma, akarukia nyuma, akainamisha kichwa asione chochote mpaka chini, na huko ndiko alikovuta breki.

“Sasa wewe uko wapi hapa?” niliuliza, nikiishika picha.

Alionyesha kitu kama mgongo wa kobe nyuma ya kichwa cha mwenzake. “Huyo.”

Ilikuwa miaka ambayo biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu, na baba, aliyewahi kuuza sukari kwa kibali cha serikali, sasa aliuza marobota ya mitumba. Mkokoteni ule wa magurudumu manne aliutengenezesha kwa fundi kwa ekseli za pikapu mbovu. Mzee mmoja ndiye aliyeusukuma kila siku kutoka stendi hadi dukani, akalipwa kwa safari. Mwalimu alimwamkia shikamoo kila asubuhi, na mzee aliitikia marahaba kwa sauti ya diwani.

Majirani walimtania baba. “Mzungu wako vipi, amekosa punda kwao?”

“Muacheni,” baba alijibu. “Mbona nyie mnakimbia mkiona mgambo, nani anawauliza?”

Mwalimu akanifundisha kuanza mbio. Alinifundisha kusukuma ardhi kwa kidole gumba cha mguu, kukimbia nimeinama hatua saba za kwanza, kutoinua uso mapema. Nilipunguza muda wangu. Nilianza kutembea kama mtu anayetazamwa, na huo ndio ulikuwa ugonjwa wangu.

Jumamosi moja ambayo hapakuwa na mzigo stendi, baba akiwa dukani na mwalimu ameenda Manyoni baada ya mazoezi yake ya asubuhi, niliutoa mkokoteni. Nilitaka wenzangu wawili wa darasani waone. Tuliupeleka kwenye mteremko wenye majabali unaoshuka kuelekea ziwani, na nikasukuma kama nilivyofundishwa, nikaruka, nikainamisha kichwa. Gogo sikulifunga. Niliona linaharibu uzuri wa mruko. Nakumbuka upepo, na vicheko vya wenzangu vikibaki nyuma, na jinsi nilivyojiambia nisiinue uso. Jabali sikuliona. Nilijikuta kwenye mchanga, goti limechanika, na ekseli ya mbele imepinda, gurudumu moja limelala. Tuliukokota hadi nyumbani, tukauegesha palepale pa kila siku. Wenzangu niliwaapisha.

Jioni, mbele ya sahani ya ugali, baba aliuliza, “Nani aliugusa mkokoteni?”

“Mwalimu huwa anausukuma asubuhi,” nilisema.

Sikusema uongo. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa sentensi hiyo, nikaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta upande usio na doa.

“Muulize basi,” mama alimwambia baba.

“Nimuulize? Mtu amekula kwangu miezi minane, leo nimshike kwa ekseli?”

Ndivyo tulivyo. Mgeni akikosea hatumwambii. Tunazidisha adabu. Mwalimu aliporudi kutoka Manyoni alikuta chai yake imefunikwa vizuri zaidi, nyama imeongezwa, na hakuna anayekaa naye. Alipotaka kuosha vyombo, mama alimnyang'anya kwa tabasamu. Mkokoteni ulikuwa kwa fundi wa kuchomelea, na alipouliza uko wapi, niliambiwa nimjibu kuwa ulikuwa umechakaa.

Mzee wa mkokoteni alikaa siku nne bila kazi, akichonga kijiti kibarazani. Alinitazama nikipita nachechemea.

“Goti hilo?”

“Shikamoo. Nilianguka shuleni.”

“Marahaba. Shule yenu ina mawe makubwa, mjukuu wangu.”

Akaendelea kuchonga. Nilitamani aseme, ili nisilazimike mimi.

Majirani hawakunyamaza. “Si tulikwambia?” walimpigia baba kelele kutoka upande wa pili wa barabara, na nilimwona, mtu niliyemheshimu kuliko wote, akijifanya anahesabu mashati. Usiku ule mama aliamua.

Asubuhi aliniita mbele ya mwalimu. “Mwambie kwamba mjomba wako anahamia hapa kutoka Itigi, chumba kitahitajika. Mwambie tunasikitika sana.”

Mjomba wangu alikuwa na nyumba yake Itigi na hakuwa na mpango wa kwenda popote. Nilitafsiri. Kiingereza changu siku hiyo kilikuwa safi kabisa.

Mwalimu aliitikia kwa kichwa taratibu. “Anapenda chandarua? Nitamwachia changu. Itigi hakuna mbu kama hawa.”

Siku ya kuondoka mama alimfungia kuku wawili na chupa ya mafuta ya alizeti. Baba alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Mimi nilishika begi, akalichukua kwangu. Kisha akanigeukia, akazungumza kwa Kiingereza chake cha haraka, wazazi wangu wakitabasamu bila kuelewa.

“Niambie ukweli. Kuna kitu nilikosea hapa?”

Ilikuwa nafasi yangu, nzima, mbele ya watu wote watatu.

“Anasema nini?” mama aliuliza.

“Anashukuru,” nilisema. Na kwake nikasema, “Hapana, Mwalimu. Ni mjomba tu.”

Alinitazama muda mrefu kidogo, kama mtu anayesoma jibu la hesabu lililo sahihi kwa njia isiyo sahihi. Akaniambia nisiache mazoezi. Akaweka begi begani, kuku mkononi, akatoka. Mlango wetu ulikuwa mzito na ulikuwa na tabia ya kubaki wazi. Aliushika kwa nje kwa mkono uliokuwa huru, akauvuta polepole mpaka ukafunga.