Mkanda wa Darubini na Jicho la Baba

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na sioni aibu kusema. Nikitoka nyumbani narudi kuangalia kama nimezima gesi. Nikisahihisha mitihani ya fizikia najumlisha alama upya hata pale ambapo hakuna aliyelalamika. Kwa hivyo anayenijua ataelewa hali niliyokuwa nayo Jumamosi ile, nimeketi kwenye meza ya kulia chakula hapa Kiplombe, darubini yangu imefunguliwa matumbo, mvua inapiga mabati, na baba yangu yuko upande wa pili wa meza akiniuliza kila mara kama nimemaliza.

Kilichonitia hofu si darubini. Ni jicho lake. La kushoto lilikuwa limekwisha kwa presha ya macho, ugonjwa unaokula pole pole bila kuuma. La kulia lilikuwa limebakiwa na kitundu cha kuonea katikati, na kitundu chenyewe kilikuwa kinafinyika. Daktari alitueleza bila kuzunguka: upasuaji hautarudisha kilichopotea, utalinda kilichobaki, na iko nafasi ndogo kwamba hata hicho kilichobaki kitaharibika. Baba akasikia hayo ya mwisho peke yake. Alipopangiwa siku, asubuhi yake alisema tumbo linamsumbua. Alipopangiwa nyingine, akazua mazishi kule Moi's Bridge ya mtu ambaye hata hawakuwa wakisalimiana. Safari ya tatu alipangiwa Jumatatu moja ya mwezi uliofuata, akaja na sharti.

"Kama watagusa hili jicho la mwisho," alisema, "kwanza mimi nichague kitu ya kuangalia. Nataka ile nyota ya pete. Ukinionyesha, hiyo Jumatatu naenda. Usiponionyesha, mambo ya hospitali tuachane nayo."

Nilimwambia hayo ni mambo ya watoto. Akanijibu, "Sawa, mama," na akaendelea kunywa chai.

Hilo la mama linahitaji maelezo. Mimi ni binti wake wa kwanza, na kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba. Basi baba yangu mzazi ameniita mama tangu nikiwa kwenye nepi. Jambo hili lina raha yake na taabu yake. Akiniita hivyo napata moyo wa kumkaripia kidogo. Lakini akishikilia neno, nakumbuka ghafla kwamba mimi ni mtoto wake, na ulimi unarudi ndani.

Sasa, kwa nini mkanda. Darubini yangu, niliyoachiwa na mwalimu mwenzangu aliyehama, inakaa juu ya kifaa chenye mota mbili, moja ya kuizungusha kulia na kushoto, nyingine ya kuiinua na kuishusha. Kazi yake ni kuifuata nyota, kwa sababu dunia haitulii. Ukiitazama Zohali, ile nyota ya pete ya baba, kwa lenzi kali bila mota, inapita na kutoka kwenye kioo kabla dakika haijaisha. Kwa mwenye macho mazima hiyo inatosha. Kwa baba haikutosha hata kidogo. Jicho lake lilihitaji kutafuta, kukosa, kutafuta tena, halafu kutulia. Tulikuwa tumejaribu mwezi uliotangulia, na kila alipokaribia kuikamata, picha iliruka kando, kwa sababu meno ya mkanda wa mota ya kuinua yalikuwa yameliwa. Hapa kwetu karibu na ikweta nyota hupanda karibu wima, kwa hivyo mota hiyo ndiyo inayochoshwa na mkanda wake ndio unaokufa mapema. Usiku ule baba aliondoka kwenye lenzi, akapangusa jicho, akasema hajaona kitu. Sikuipenda sauti aliyosema nayo.

Niliagiza mikanda mipya nikaingoja kama mtu anayengoja majibu ya daktari. Ilifika Ijumaa. Ukiitoa kwenye karatasi unajiuliza kama hiki ndicho kilichokunyima usingizi: kimduara cha raba, chembamba kuliko kamba ya kiatu, meno madogo yamepangwa kwa ndani. Jumatatu ilikuwa imekaribia mno, na ule ulikuwa msimu ambao mawingu huzaliwa mchana na kukaa hadi watu walale. Nilikuwa na Jumamosi na Jumapili, basi.

Nilifungua kifuniko, nikapiga picha kwa simu kila hatua, nikapanga skrubu kwenye sahani kwa mpangilio niliozitoa. Mota imeshikwa na skrubu mbili. Ukizilegeza, inasogea, mkanda wa zamani unatoka. Ule wa zamani ulikuwa umechakaa mpaka sehemu moja ilikuwa laini, haina jino hata moja. Nikavalisha mpya kwenye puli zake, kigurudumu kidogo na kikubwa, nikahakikisha meno yameshikana. Kilichobaki ni kuisogeza mota nyuma ili mkanda uvutike, halafu kukaza. Hapo ndipo penye kazi. Mkanda wa aina hii unatakiwa ukiubonyeza kwa kidole ukubali kidogo; ukikazwa kupita hapo, mota inalemewa.

"Umefika kwa kukaza?" baba aliuliza.

"Nimefika."

"Leta hapa."

Baba alikuwa na posho mill, mashine ya kusaga mahindi, kule Moi's Bridge kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Msimu wa mavuno akina mama walipanga foleni na madebe yao tangu alfajiri, na yeye alisifiwa kwa jambo moja: unga wake ulikuwa laini. Siri yake haikuwa siri. Mkanda ukilegea, jiwe linapunguza mwendo, unga unatoka chenga, na wateja wanahamia kwa jirani. Kwa hivyo alikuwa akiivuta injini nyuma kwa mtaimbo mpaka mkanda ugome kabisa, kisha anaupiga kofi. Usipolia, hajamaliza. Nimekulia ndani ya mlio huo.

Aliponyoosha mikono yake juu ya meza nilijua kitakachotokea. Nilijua vizuri. Lakini kwa muda mrefu sikuwa nimemwona baba akitaka kushika kitu. Tangu macho yaanze kumwishia alikuwa ameacha hata kujimenyea ndizi. Nikamsogezea. Vidole vyake vikatembea juu ya puli, vikaupata mkanda, vikaisukuma mota nyuma kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Kaza hapo," akasema. Nikakaza skrubu. Akaugusa mkanda kwa ukucha, ukatoa sauti nyembamba.

"Hiyo sasa ni belti," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha.

Nilirudisha kifuniko. Nilijiambia labda itavumilia, labda raba ikipata joto itajivuta. Ninafundisha fizikia, na nilijidanganya mchana kweupe.

Mvua ilikoma jioni. Jua lilipozama anga upande wa mashariki lilikuwa limefunguka, lakini upande wa magharibi, kule Turbo, kulikuwa na wingu limesimama, jeusi, na nilijua haliko pale kwa matembezi. Nilitoa darubini uani. Baba alikuwa ameshavaa koti zito na kofia ya sufu, amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti, ametulia kabisa. Utulivu wake ndio ulioniogopesha. Mtu anayetafuta sababu ya kukataa huwa hatulii hivyo. Alikuwa amejiandaa kwa kweli.

Nikaipata Zohali juu ya mikaratusi ya jirani, nikaiweka katikati ya lenzi, nikawasha mota. Ililia. Si ule mvumo wake wa kawaida. Ilikuwa sauti ya mtu anayesukuma gari lililokwama. Picha ikasimama kidogo, ikatetemeka, ikaruka, mota ikanyamaza. Nikawasha tena, ikafanya vile vile. Nilitazama upande wa Turbo, na wingu lilikuwa limekula baadhi ya nyota.

"Kuna nini?" baba aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Mama, mimi ni kipofu nusu. Masikio iko sawa. Hiyo kitu inalia."

Nilikuwa nafikiria mota kuungua, nafikiria Jumatatu, nafikiria mwaka ujao nikimshika mkono kumpeleka choo. Na nilimkasirikia, niseme ukweli. Nilimkasirikia kwa sharti lake, kwa mazishi yake ya uongo, kwa mikono yake yenye nguvu.

"Mkanda umekazwa sana, Baba."

"Ni nani alikaza?"

"Ni wewe."

Nilisikia mbwa wa jirani akikuna mlango wa mabati. Nilingoja aseme basi, tumejaribu, tuingie ndani, kwa sababu hapo angekuwa ameipata sababu yake na mimi ndiye ningekuwa nimempa.

"Si ungesema ukiwa hapo kwa meza," alisema.

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ulikuwa umefurahi."

Alicheka kidogo kupitia puani, kicheko kisicho na raha nyingi. "Basi legeza. Posho mill ni posho mill, hii ni hii. Na ufanye haraka, naskia baridi ya mvua."

Nilileta beseni nikaliweka chini ya kifaa, kwa sababu skrubu ikianguka kwenye nyasi zetu usiku ndiyo basi. Nikashika simu kwa meno ili tochi inimulikie. Skrubu moja kweli ilianguka, ikalia ndani ya beseni, nikamshukuru Mungu kwa beseni. Nililegeza, nikaisogeza mota mbele kidogo sana, nikabonyeza mkanda kwa kidole. Ukakubali. Nikakaza, nikabonyeza tena, kwa sababu mimi ndiye mimi. Wingu lilikuwa limefika juu ya paa letu.

Safari hii mota ilivuma. Zohali ilikaa katikati ya lenzi bila kutikisika. Nilimshika baba mabega nikamsogeza, nikamwelekeza kichwa mpaka jicho lake la kulia likafika mahali pake.

"Iko wapi?"

"Katikati."

"Sioni."

"Usikimbilie, Baba. Haiendi mahali."

Akatafuta. Niliona kichwa chake kikisogea kidogo kushoto, kikarudi, kikashuka. Midomo yake ilikuwa wazi. Mota iliendelea kuvuma, na mimi nilisimama pale nikisikiliza mkanda ule kwa mwili wangu wote. Nilitamani kumwuliza nikajizuia, nikatamani tena. Kisha mkono wake uliokuwa ukipapasa goti ukasimama.

"Ni kadogo," alisema. "Kumbe ni kadogo hivi." Akakaza jicho. "Na kako na pete. Wee. Kako na pete kweli."

Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi, lakini furaha ilikuja na woga wake nyuma, kwamba labda hiki ndicho kitu cha mwisho kizuri kitakachoingia kwenye jicho hilo, na nimekileta mimi. Alikaa pale muda mrefu. Sikumharakisha, ingawa wingu lilikuwa linakaribia mikaratusi.

"Ni hii mashini inakashikilia?" aliuliza bila kuondoa jicho.

"Ndiyo. Ni hiyo mota."

"Izime."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nikizima itatoka, Baba. Haitachukua hata dakika."

"Najua. Nataka kuona kakitoka."

"Lakini tumehangaika siku nzima ili isitoke."

"Mama, skia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya taratibu kama anamweleza mteja. "Lile jicho lingine liliisha na sikujua. Siku moja niliziba hili nikiosha uso, nikapata huko hakuna kitu. Giza tu. Sijui ilienda lini. Hakuna mtu aliniambia inaenda. Hii nataka ikienda, niwe hapo nikiiangalia."

Kidole changu kilikuwa kwenye swichi, na hakikutaka. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ya daktari na ya dawa na ya kutokata tamaa, na yote yalikuwa maneno ya mtu anayeona. Nikazima. Uani pakawa kimya.

"Inasonga," alisema. "Pole pole. Sasa iko kando." "Imefika mwisho. Imebaki nusu. Imebaki pete." Kisha, baada ya kitambo: "Imeenda."

Hakuondoa jicho. Aliendelea kutazama mahali ambapo haikuwepo tena.

"Nikurudishie?" nikauliza. "Naweza kuirudisha sasa hivi."

"Wacha. Nimeiona vizuri."

Akainuka, akautafuta mkono wangu hewani mpaka akaupata juu ya kiwiko. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza, na ilinibidi niiache darubini kwanza nimfikishe mlangoni. "Jumatatu tutoke mapema," aliniambia tukitembea, "hiyo barabara ya town hujaa. Na unipigie pasi lile shati la kijivu."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa nikilia, na nilishukuru kwamba hawezi kuniona. Halafu nikatambua nilikuwa nashukuru nini, nikaushika mkono wake kwa nguvu mpaka akaniambia namuumiza.