Harufu ya Chini ya Kitanda Changu

Kwa miezi mitatu hivi nyumba nzima iliamini kwamba mimi ndiye ninayenuka.

Huku kwetu mlimani, juu ya Kilakala, nguzo za umeme hazijafika. Tunatumia sola. Baba alikuwa na betri nne za maji, kubwa kama za lori, na kwa kuogopa wezi alizipanga chini ya kitanda ninacholala na mdogo wangu. Sebuleni televisheni, chumbani kwetu betri. Ndiyo mgawanyo wenyewe.

Harufu ilianza kidogo kidogo, hasa mchana jua likiwaka. Mayai viza. Yai viza lililopasukia ndani ya blanketi. Ilinifuata mpaka darasani kwenye sweta, na msichana ninayekaa naye dawati moja akawa anasogea hadi ukingoni bila kusema kitu. Nikawa nafua sweta kila siku, naenda nalo shule likiwa bichi.

Nyumbani walisema. Shangazi tunaishi naye, na mdomo wake hauna breki. Siku moja wageni wamekaa, napita na sinia la chai, akaziba pua kwa mtandio.

"Wee mtoto, huko chumbani umefuga nini? Au ndo maharage ya shule?"

Wageni wakacheka. Baba naye akacheka. Mama alinifuata jikoni akaniuliza kwa kunong'ona kama ninaoga vizuri, na huko kunong'ona kuliniuma kuliko kicheko.

Mimi nilijua ni betri. Nikiinama chini ya kitanda macho yalikuwa yanawasha, na mdogo wangu alikuwa anakohoa tangu harufu ianze. Lakini baba si mtu wa kuambiwa kitu na mtoto. Nilijaribu mara moja.

"Baba, zile betri..."

"Zimefanyaje? Usiziguse."

Yakaishia hapo. Kila Ijumaa akitoka kuswali alikuwa anaingia na birika la maji ya chemchemi anazijazia. "Watu wa mjini wananunua maji ya betri kwenye chupa," alikuwa anasema, "na wakati maji wanayokunywa yanatoka kwetu! Maji ya mlima huu ni safi kuliko ya kiwandani." Utadhani mlima kauumba yeye.

Halafu televisheni ikazimika katikati ya mechi, sebule imejaa majirani. Wiki iliyofuata fundi akaja na betri ya lithiamu. Kikohozi cha mdogo wangu hakikumleta fundi. Mpira ulimleta.

Alipanda mlima nayo mgongoni, peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akafika mlangoni kwa chumba chetu akasimama.

"Nani analala humu?"

"Mimi na mdogo wangu." Nilitamani ardhi inimeze.

Alipiga magoti, akafungua vifuniko, akamuuliza baba anajazia maji gani.

"Ya chemchemi."

"Mzee wangu, hayo ni ya kunywa. Yana madini, betri haiyataki. Na hii kontrola, ya kuzuia chaji isizidi, imekufa, inazichaji mpaka zinachemka. Hiki kinachonuka ni gesi yake. Ni sumu hii, na watoto wanalala juu yake."

Shangazi alikuwa nyuma yetu. "Kumbeee!" Akacheka mpaka akashika mlango. Baba akakohoa kidogo, akasema, "Hata mimi nilishahisi."

Alishahisi!

Lithiamu ikafungwa ukutani sebuleni, ndogo kama sanduku la shule, haitaki maji, hainuki. Baba akaifuta vumbi kwa leso yake. Akauliza kama zile za zamani zinaweza kuunganishwa nayo. Fundi akakataa, akazing'oa nyaya, akasema zitoke ndani siku hiyo hiyo. Alipoondoka tu, baba akasema, "Zikae hapo hapo kwanza. Atapatikana wa kuzichukua."

Hapo hapo. Chini yetu.

Saa kumi na mbili jioni majirani walianza kuja kutazama mechi. Nikaingia chumbani, nikaburuta godoro mpaka katikati ya sebule, nikamlaza mdogo wangu, nami nikalala nimegeukia ukuta.

"Haya, makubwa," alisema shangazi.

"Wewe, inuka!" alisema baba. "Watu watakaa wapi?"

"Kwenye kitanda changu," nikasema. "Kuna nafasi."

Jirani mmoja akacheka, na hakuwa ananicheka mimi. Baba akawaita majirani wawili, wakazibeba betri zote nne mpaka banda la kuni nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeniambia pole. Waliporudi baba alinusa viganja vyake, akaenda kunawa. Akanusa tena, akarudi kwenye maji. Sikuinuka mpaka aliponawa mara ya tatu.