Upande wa Kushoto wa Harusi

Mama Video hakuwahi kuzaa mtoto anayeitwa Video. Jina hilo alipewa na wateja, na kwa kuwa watoto wake halisi walikuwa wameshahamia mbali, hakubaki mtu wa kulipinga. Kwa miaka ishirini na sita alirekodi harusi, mahafali na mazishi, kamera ikiwa begani, mpaka bega la kulia likashuka kuliko la kushoto na fundi cherehani wake akawa anapima kila bega peke yake. Kazini alikuwa mtu wa maneno mawili: “Sogeeni” na “Tazameni huku.” Kwenye mazishi alitumia la kwanza tu.

Kisha zikaja televisheni pana. Watu walitundika ukutani skrini ndefu kama meza ya chakula, wakaweka harusi zao za zamani, wakakuta mistari miwili minene myeusi, mmoja kushoto, mmoja kulia. Simu zikaanza. Mwanamke mmoja aliuliza kama ni ukungu. Bwana mmoja alidai televisheni yake iko katika maombolezo. Mama Video aliwajibu wote vilevile: picha za zamani zilirekodiwa kwa umbo la nne kwa tatu, skrini za sasa ni kumi na sita kwa tisa, maumbo hayo hayalingani, na panapobaki wazi panakuwa peusi. Wengi walielewa, au walichoka.

Asubuhi moja ya Jumanne akaingia studio mwoka mikate, nyusi zake bado zina unga.

“Mama, nimefuata upande wa kushoto,” alisema.

“Upande wa kushoto wa nini?”

“Wa harusi yangu.”

Mama Video akamvutia kiti. Mwoka mikate akaeleza taratibu, kama mtu anayetoa taarifa ya mzigo uliopotea. Alioa miaka ishirini na mitano iliyopita, na mpigaji wa video alikuwa huyu huyu mama. Kaka yake mkubwa, fundi bomba, ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Kaka huyo naye alifariki mwaka jana. Alikuwa hapendi kupigwa picha. Iliyobaki ni ya kitambulisho, na humo anaonekana kama mtu aliyekamatwa.

“Siku ya harusi alisimama upande huu, ukiitazama picha ni kushoto. Nakumbuka vizuri. Kila nikigeuka hivi, yuko. Sasa binti yangu katununulia televisheni pana, tumeweka harusi, na pale pale aliposimama kaka pamefunikwa.”

“Hapakufunikwa. Hapana kitu pale.”

“Mama, kama nisingekuwepo kwenye harusi hiyo ungenidanganya. Lakini nilikuwepo.”

Mama Video akafikiri kidogo, akaamua kumwendea kwa lugha ya kazi yake. “Mkate wa kopo fupi ukiuweka kwenye trei ndefu, pembeni si panabaki nafasi? Kuna mkate umejificha pale?”

“Hapana. Lakini pale naiona trei,” alisema mwoka mikate. “Huku naona giza. Gizani kunaweza kuwa na chochote.”

Mama Video aliona hilo lina ukweli wake. Akaahidi kwenda kwao Jumamosi mchana.

Alikwenda na futi ya kupimia nguo. Sebule ilikuwa safi, televisheni imechukua nusu ya ukuta, na chini yake kimewekwa kitambaa cha kufuma kisicho na kazi yoyote. Mke wa mwoka mikate alimkaribisha chai. Binti yao, mfamasia, alishika rimoti na hakuonyesha dalili ya kuiachia.

Mama Video akapima skrini mbele yao. “Tuseme upana ni vipande kumi na sita, na kimo ni tisa. Picha yenu ikijaza kimo chote, tisa, upana wake unafika kumi na mbili tu. Ndivyo ilivyozaliwa. Kumi na sita toa kumi na mbili?”

“Nne,” alisema mwoka mikate.

“Mbili kushoto, mbili kulia. Huo ndio weusi wenu. Televisheni imeuongeza yenyewe kujaza ukuta wake. Kamera yangu haikuwahi kuona hapo.”

“Si tunaweza kuivuta?” aliuliza binti, akabonyeza.

Picha ikatanuka mpaka kingo zote mbili. Giza likaondoka. Bwana harusi akawa mnene, bibi harusi akawa mnene zaidi, na keki ikawa kama godoro.

“Rudisha,” alisema mke wa mwoka mikate. “Sikuwa hivyo.”

“Kaka haonekani,” alisema mwoka mikate, ambaye alikuwa akitazama ukingo wa kushoto tu.

Binti akabonyeza tena. Safari hii picha ikakuzwa bila kutanuka. Skrini ilijaa na watu walikuwa na unene wao, ila robo ya picha ilikuwa imekatwa, nusu yake juu na nusu yake chini. Maharusi walibaki bila nywele. Mama mkwe, aliyekuwa amesimama nyuma juu ya ngazi, alibaki bila kichwa. Walitazama hivyo dakika nzima na hakuna aliyelalamika.

“Kwenye filamu weusi unakuwa juu na chini,” alisema binti. “Huko nako kuna ndugu wa mtu?”

“Filamu nyingi ni pana kuliko hata hii skrini,” alisema Mama Video. “Zikienea upana, kimo kinapungua. Hesabu ni ile ile.”

Mwoka mikate akaomba picha irudishwe na weusi wake. Akasogea, akaweka kiganja juu ya mstari wa kushoto, akakiacha hapo. “Basi sijui nilimwona nani,” alisema.

Mama Video alirudi nyumbani na maneno hayo. Hakuyapenda. Kesho yake akavuta masanduku ya kanda ghafi kutoka chini ya kitanda, zile ambazo hazijakatwa wala kupangwa, na ambazo wanawe walikuwa wakimwomba kila mwaka azitupe. Harusi ya mwoka mikate ilikuwa na kanda nne. Alizitazama zote, akiwa na daftari la kuandika dakika. Kaka hakuwemo, ila mahali pamoja.

Mwishoni mwa kanda ya tatu alikuwa amesahau kuzima kamera. Kikaonekana kiatu chake mwenyewe, kisha sakafu ya ukumbi, kisha kamera ikainuka upande na kumpata mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu. Alikuwa ameshika taa kubwa juu ya kichwa kwa mikono miwili, jasho likimtiririka.

“Mama, taa inaunguza,” alisema yule mwanamume. “Naomba mtu anipokee, nikasimame na mdogo wangu kidogo.”

Na sauti ya Mama Video, changa na yenye haraka, ikajibu: “Vumilia tu, tunamaliza.”

Kisha kiatu tena. Sekunde kumi na moja.

Mama Video alikaa na zile sekunde siku tatu. Angeweza kuikata sauti. Alikuwa na mashine, na alikuwa ameshakata maneno mabaya kuliko hayo. Alifika mpaka kuweka kidole kwenye kitufe. Hatimaye alizihamisha sekunde hizo kwenye flashi zilivyo, akaenda tena kwa mwoka mikate, akakaa kwenye kiti cha mlangoni.

Walitazama na mistari yote miwili, kushoto na kulia. Binti aliiweka rimoti mezani kwa hiari yake. Sekunde zilipokwisha, mwoka mikate akaomba zirudiwe, na mara ya tatu mke wake akaanza kufuta macho kwa kile kitambaa cha kufuma.

“Kumbe alikuwa ameshika taa,” alisema mwoka mikate.

“Mshika taa wangu aliumwa siku ile. Nilimwomba kaka yako kwa dakika kumi.” Mama Video akatazama mikono yake. “Nilisahau kumwachilia. Nisamehe, baba.”

“Alivumilia?”

“Mpaka mwisho. Hata chakula alikula mwisho.”

Mwoka mikate akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. “Na alikuwa kushoto.”

“Alikuwa kushoto, pembeni ya kamera, nje tu ya picha.”

“Basi nilimwona,” alisema, akamgeukia mke wake. “Si nilikwambia?”

“Uliniambia,” alisema mke wake, na akaenda kuchemsha chai nyingine.

Mama Video bado anarekodi, harusi moja au mbili kwa mwezi. Kabla ya kuzima kamera humgeuzia mshika taa na kumwambia ataje jina lake. Wateja wawili wamelalamika kwamba harusi yao inaishia kwa mtu wasiyemjua. Mmoja aliomba akatwe. Mama Video alimjibu kwamba kanda imeshafungwa, jambo ambalo siku hizi halina maana yoyote, lakini mteja hakuuliza zaidi.